Mashine ya kutafuta matobo kwenye kotingi ya bomba, nimetumia mbili kwa misimu miwili

Wadau wa mabomba, kila siku naona mtu anauliza anunue mashine gani ya holidei (yaani tobo kwenye kotingi, lile tabaka la kuzuia kutu linalofunika bomba la chuma), ile ya volti kubwa ya kupitisha juu ya kotingi, na swali la kwanza huwa ni moja tu, inafika kilovolti ngapi. Mimi naona hapo ndo tunapokosea. Nimetumia mbili, ya kwanza ya kukodi na ya pili tuliyonunua mpya, zote volti zinafika bila shida, ila moja nilikuwa naishika kila asubuhi roho mkononi na nyingine naiamini mpaka namwachia kijana niliyemfundisha aendelee nayo. Kilichozitofautisha ni waya wa ethi na swichi ya mkononi. Majina ya kampuni sitaji, angalia sifa zenyewe maana unaweza kuzikuta kwenye chapa yoyote.

Kwa ambaye hajawahi kuishika: kuna boksi lenye betri, kuna mkono wa kushikia, mbele ya mkono unafunga brashi ya waya za shaba au springi inayozunguka bomba zima, halafu kuna waya wa ethi unaorudi kwenye chuma cha bomba. Kotingi ikiwa nzima umeme haupiti. Ikiwa na tobo, hata la ncha ya sindano ambalo jicho halilioni, umeme unaruka kwenye hewa ya lile tobo kwenda kwenye chuma, unaona cheche ya bluu, unasikia tas!, alamu inalia, unaweka alama ya chaki, linazibwa, unapita tena. Usipolipata hapo bomba linafukiwa nalo na kutu inaanzia hapohapo.

Sasa ile ya kukodi. Ilikuwa ya umeme wa mfululizo, imezeeka, swichi yake ni ya kubonyeza mara moja ikabaki imewaka, yaani unaweza kuilaza kwenye majani ukaenda kunywa maji na brashi bado ina maelfu ya volti. Hilo peke yake lilitosha kuirudisha, nasema wazi, sikuirudisha kwa sababu kazi ilikuwa inatusubiri. Siku ya tatu bomba lilikuwa limelala juu ya magogo, makavu kabisa, na klampu ya ethi tuliibana kwenye mdomo wa bomba ambapo kiwanda hupaka vanishi ya kuzuia kutu wakati wa kusafirisha. Vanishi ni nyembamba, inang'aa kama chuma, sikuikwangua. Nikapita mita kama kumi alamu kimya, nikasema kotingi hii safi kweli. Msaidizi wangu akaenda kushika mdomo ule ili tulizungushe bomba, akarushwa nyuma akakaa chini, mkono ukafa ganzi mpaka jioni. Tulisimamisha kazi tukampeleka akapimwa moyo, akaonekana yuko salama, nashukuru Mungu mpaka leo.

Nilipokaa nikafikiria ndo nikaelewa kilichotokea, na hiki ndo kitu nataka kila mtu akishike. Bomba lenye kotingi ni kama kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, brashi upande wa nje, chuma upande wa ndani, kotingi katikati. Ethi isipogusa chuma, ule umeme unajazana kwenye chuma hauna pa kwenda, unamsubiri mtu. Na kwa sababu saketi haijafungwa, alamu nayo hailii hata ukipita juu ya tobo. Kosa moja limezaa mawili, limempiga mtu shoti na limetudanganya kwamba bomba ni zima. Tukakwangua vanishi kwa tupa mpaka chuma cheupe, tukabana klampu upya, tukarudia mita zilezile kumi nilizozisifia. Tukapata matobo matatu.

Ndo maana tuliponunua mpya nilianza na ethi kabla sijauliza bei. Hii tuliyonayo sasa ni ya palsi, inatoa umeme kwa mapigo mafupi mafupi badala ya mfululizo, na ikiona ethi haijashika inatoa onyo kwenye kioo kabla hujaanza kutembea. Onyo hilo silitegemei peke yake lakini limenisaidia zaidi ya mara moja. Mkono wake una swichi mbili, lazima uzibane zote kwa pamoja na uendelee kuzibana, ukiachia moja tu volti zinakatika, kwa hiyo mtu akiteleza akaanguka mashine inajizima yenyewe. Kuna na taa nyekundu kwenye mkono inayoonyesha brashi ina umeme, mwenzako anaiona akiwa mbali.

Palsi naipenda pia asubuhi. Ile ya mfululizo, kotingi ikiwa na unyevunyevu au vumbi lenye chumvi, umeme unatambaa juu ya uso na alamu inalia ovyo, unatafuta tobo halipo. Ya palsi inavumilia unyevu kidogo. Kidogo, narudia, bomba likiwa limelowa umande unaotiririka unalifuta na kulikausha kwanza, na mvua ikianza unazima unafunga boksi. Usije ukadanganywa na muuzaji kwamba palsi inafanya kazi kwenye maji.

Kwenye kupanga volti imenirahisishia sana, unaingiza unene wa kotingi na unachagua kanuni, inakupa namba. Zamani nilikuwa napiga kwenye simu: kotingi nyembamba kama epoksi ya unga, kanuni ya NACE SP0490 inachukua 525 inazidisha kwa kipeuo cha pili cha unene kwa mili (mili 1 ni maikroni 25.4), kwa hiyo maikroni 400 inakuja karibu volti 2,080. Kotingi nene za kazi za saiti, kanuni yake ni SP0274, ni 1,250 badala ya 525, milimita 3 inakupeleka karibu volti 13,600. Sasa angalia hatari yake. Umetoka kupima slivu nene, ile kotingi inayovishwa kwenye maungio ya bomba, kwa kilovolti 13 na kitu, unahamia kwenye epoksi ya maikroni 400 na hujashusha, unaweza kutoboa kotingi nzuri kwa mkono wako mwenyewe. Na kinyume chake, volti zikiwa ndogo hazirukii hewa iliyo ndani ya tobo, maana hewa inahitaji kama kilovolti 3 kwa kila milimita, mashine inakaa kimya na wewe unasaini. Kwa hiyo pima unene kwanza kwa geji, na mashine ikishakupa namba hakikisha hiyo volti inatoka kweli kwenye brashi, si kwenye kioo tu. Ya kwetu ina mita ndani lakini sisi tunapima na mita ya nje ya volti kubwa, halafu tunapita juu ya kipande cha bomba tulichokitoboa makusudi kwa sindano. Isipolia pale hatuanzi. Na mwendo usizidi kama sentimita 30 kwa sekunde, mabosi hapa wanasukuma sana, usikubali.

Kuna vitu mashine nzuri haikulindi navyo. Inatoa cheche, ndo kazi yake, kwa hiyo penye mvuke wa thina, gesi au mafuta haiwashwi kabisa. Nimewahi kuona watu wanataka kupima slivu ambayo praima yake, ile rangi ya chini, bado inanukia, hapana, isubiri ikauke kabisa, tena hata kipimo chenyewe hakitakuwa sahihi. Mwenye kifaa cha kusaidia moyo kifuani asiishike wala asisimame karibu. Kotingi yenye zinki nyingi au kaboni inayopitisha umeme haipimwi kwa njia hii. Glovu za mpira na buti za mpira, mkono mmoja kwenye mashine na ule mwingine usishike bomba, na mtu wa pili awepo kwa kazi ya kuzuia watu wasisogee, asiwe anashika waya wa ethi. Ukimaliza zima, halafu gusisha brashi kwenye chuma kile chenye ethi umeme uliobaki uondoke, ndo uilaze. Hiyo sekunde moja watu wanairuka sana, mimi mwenyewe niliwahi kuiruka.

Waya wa kuburuta chini wamekupa pia, ule mrefu unaotembea nao bila kubana klampu kila bomba. Kwenye udongo wenye unyevu unafanya kazi vizuri na mashine ya palsi, ilimradi chuma cha bomba nacho kimeunganishwa ardhini kwa nondo fupi iliyopigwa vizuri. Kwenye mawe na mchanga mkavu usiuamini, rudi kwenye klampu.

Kasoro za mashine hii mpya zipo. Alamu ni ndogo, karibu na jenereta husikii kitu, unabaki kukodolea taa, na jua la saa saba taa yenyewe haionekani vizuri, wangeweka tundu la spika za masikioni ingesaidia. Springi ya bomba kubwa inaungana kwa ndoano, na pale kwenye ndoano inanyanyuka kidogo, halafu inanyanyuka tena ikipita juu ya mshono wa welding, sasa ukiwa na hewa kati ya springi na kotingi tobo linaweza kukupita, kwa hiyo kwenye mishono narudia kwa brashi ya mkono. Brashi nazo waya zikipinda usizinyooshe kwa koleo mara kumi, badilisha. Mkanda wa begani unakata bega mchana, nimeuzungushia taulo.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni klampu iliyokuja ndani ya boksi, ni ya kubana tu kama ya kuchajia betri ya gari, meno laini, springi hafifu. Yaani wameweka akili yote kwenye swichi na kioo halafu mahali penyewe ambapo usalama wote unaanzia wakaweka kitu cha kuteleza. Tumenunua ya kukaza kwa skrubu tukafunga wenyewe. Kijana wangu kila asubuhi anakwangua chuma, anakaza, anaweka multimita kati ya klampu na chuma upande wa pili wa mdomo wa bomba, akiona karibu na sifuri ananionyesha kwa kidole gumba, hapo ndo nabana swichi.

Nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya hiyo klampu, na nimewaandikia waliotuuzia, wakianza kuweka ya skrubu ndani ya boksi nitarudi kuiongeza.