JMAP kwenye simu, uzoefu wangu baada ya kuzoea IMAP

Mimi si wa kukimbilia kila kitu kipya, na IMAP (njia ya programu ya imeili kusoma barua zilizoko kwenye seva) kwenye kompyuta wala haijawahi kunisumbua. Shida ni simu. IMAP ilianza 1986, imejengwa kwa konekshini inayokaa wazi muda wote, sasa simu haitulii hivyo, unatoka kwenye waifai unaingia kwenye data, konekshini inakatika, programu inaanza upya kujitambulisha kwa seva na kukagua folda moja moja, na chaji ndo inavyoisha. Hata ile IDLE, nyongeza ya IMAP ya 1997 ya kukuletea ujumbe papo hapo inachungulia folda moja tu, ukitaka na nyingine fungua konekshini nyingine.

Nikahamia kwenye huduma yenye JMAP, njia mpya ya kufanya kazi hiyo hiyo, hii ilianzia kwa watu wa Fastmail, kampuni ya imeili, na IETF, wale wanaopitisha viwango vya intaneti, wakaipitisha 2019 (RFC 8620 na 8621). Inapita kwenye HTTP ya kawaida, ile ile ya kurasa za wavuti, data inakuja kwa JSON, mpangilio wa maandishi ambao programu nyingi zinauelewa. Kilichonikosha ni kwamba programu inatunza alama ya pale ilipoishia na seva, ikirudi hewani inauliza tu tangu hapo nini kimebadilika. Nilizima data kwenye simu makusudi, nikafuta na kuhamisha barua kibao kwa kompyuta, kuwasha tu ikajipanga yenyewe fasta bila kupakua inboksi yote upya. Najua wapenzi wa IMAP watasema QRESYNC inafanya hivyo hivyo, sawa, ila hiyo ni nyongeza ya IMAP na si kila seva inayo.

Kutuma nako raha. Zamani programu yangu ilikuwa inarusha barua kwa SMTP (njia ya kutuma tu), halafu inaipandisha tena kwa IMAP ili ikae kwenye zilizotumwa, yaani kiambatisho kizito unakilipia data mara mbili! Huku kinapanda mara moja basi.

Kinachokera: programu za kuchagua bado chache mno, na Google na Microsoft kila mmoja ana API yake, yaani njia yake mwenyewe ya programu kuongea na seva zake, kwa hiyo sioni wakiwa na haraka. Imeili yangu ya kazini bado iko IMAP na sina la kufanya. Ila kama unaendesha seva yako mwenyewe, Stalwart, programu ya seva ya imeili, inaongea zote mbili, we tumia JMAP, wengine waache na IMAP yao.