Longonot au Hell's Gate: hema tulipige wapi?

Ukitoka Nairobi na hema lako, mbuga zote mbili ziko upande mmoja, wa Naivasha. Longonot ni volkano yenyewe, mita 2,776. Kupanda hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3 hivi. Kuuzunguka ni nyingine 7, juani, vumbi la majivu likiteleza chini ya viatu. Matembezi mafupi hayo? Hapana, ni ya miguu iliyozoea.

Mwenye watoto namshauri Hell's Gate: njia tambarare, baiskeli za kukodi, pundamilia wakila nyasi karibu, mwamba wa Fischer wa mita 25, na kambi ya Naiburta. Ila mawingu yakitanda, tafadhali msishuke kwenye korongo la Hell's Gate. Mafuriko ya ghafla yaliua watu humo 2012 na 2019.