Siku Moja katika Jukwaa la Wageni, Bungeni Dodoma

Kwa miaka mingi nililijua Bunge la Jamhuri ya Muungano kwa sauti tu, kwanza kupitia redio ya nyumbani, kisha kupitia vipande vifupi vya video ambavyo watu hutumiana kwenye simu, nami nikaamini kuwa hayo yalinitosha. Baada ya kukaa jukwaani siku nzima wakati wa mkutano wa bajeti, nimeona kwamba redio ilininyima nusu ya shughuli, na vile vipande vya video vilininyima sehemu kubwa ya nusu iliyobaki. Ninachokitathmini hapa ni ile nafasi anayopewa mwananchi asiye na cheo ya kuketi na kutazama wawakilishi wake wakifanya kazi, nafasi ambayo mimi sikutozwa chochote kuipata.

Kufika Dodoma si kazi tena. Tangu treni ya umeme ilipoanza safari zake kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, mtu anaweza kuondoka Dar mchana na kulala Dodoma, na kulala huko ni lazima, kwa kuwa kikao huanza saa tatu kamili asubuhi. Tatizo ni malazi, kwani miezi ya bajeti mji hujaa. Nyumba ya wageni niliyokuwa nimeweka nafasi ilinipokea usiku kwa habari kwamba chumba changu kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa, na mwenyeji hakuona hata haja ya kuomba radhi.

Kuhusu kuingia, mimi nilipitia katika ofisi ya mbunge wa jimbo letu, ambayo niliipa jina langu siku kadhaa kabla. Beba kitambulisho, vaa kama mtu anayekwenda ibadani, na ufike mapema, kwa sababu ukaguzi wa langoni haufanywi kwa haraka na wala haupaswi kufanywa kwa haraka. Ukumbi wenyewe ulifunguliwa mwaka 2006. Kabla yake kulikuwa na Ukumbi wa Msekwa uliomo katika eneo hilohilo, na kabla ya Bunge kuhamia Dodoma katika miaka ya 1990, vikao vilifanyika Karimjee, Dar es Salaam. Ukiwa juu jukwaani unauona ukumbi wote kwa mara moja, Serikali ikiwa upande wa kuume wa Spika na upinzani upande wa kushoto.

Kisha wote husimama. Mpambe wa Bunge huingia akiwa amebeba siwa, ile fimbo ya heshima ya Bunge, Spika akifuata, na dua husomwa. Nilikuwa nimezoea kuliona jambo hili kama sherehe isiyo na maana, lakini ukumbi mzima unaponyamaza kwa ajili ya siwa hiyo, unaelewa kwamba bila yake kikao hakijawa kikao. Hutajwa pia wageni waliopo jukwaani, nao husimama kundi kwa kundi. Siku hiyo walikuwepo wanafunzi wa sekondari waliokuja kujifunza jinsi Bunge linavyofanya kazi, na walipopigiwa makofi nusu yao walijificha nyuma ya wenzao. Makofi hayo, kwa kweli, ni viganja vinavyogonga meza. Mgeni haruhusiwi kugonga chochote, kushangilia wala kuzomea, na sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika.

Kipindi cha maswali ndicho kinachostahili safari, ila kina mtego mmoja ambao sikuambiwa na mtu. Mbunge hasomi swali lake la msingi, bali husimama na kuomba kwamba swali lake la namba fulani lipatiwe majibu, kisha akaketi. Naibu Waziri husimama na kusoma jibu aliloandikiwa, kwa niaba ya Waziri, na asiye na Orodha ya Shughuli mkononi hubaki akisikia majibu ya maswali asiyoyajua. Orodha hiyo hupatikana katika tovuti ya Bunge, kwa hiyo ichapishe na uisome kabla ya kuingia. Ukiwa nayo, utaona jinsi swali la "ni lini Serikali itachimba kisima" linavyogeuka kuwa maelezo marefu yanayomalizikia kwenye upatikanaji wa fedha, na jinsi mbunge mzoefu anavyotumia maswali yake mawili ya nyongeza kulirudisha jibu lile kwenye tarehe. Mahali hapo ndipo Kiswahili cha Bunge kinapong'aa. Adabu ya "Mheshimiwa" haiondoki hata mara moja, na ndani ya adabu hiyohiyo mtu huambiwa waziwazi kwamba hajajibu alichoulizwa. Siku ya Alhamisi huongezeka nusu saa ya maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, na humo hakuna jibu la kusoma.

Kamera humfuata anayesema, ilhali aliye jukwaani hutazama atakapo. Nilitazama vikaratasi vikipita kutoka kwa wataalamu wa wizara hadi kwa waziri wao, na niliweza kukadiria uzito wa swali kwa idadi ya vikaratasi. Vilevile niliona viti vitupu, ambavyo baada ya saa tano vilikuwa vingi kuliko nilivyotarajia, na wabunge wa pande mbili zinazopingana wakinong'onezana na kucheka kama ndugu waliokutana msibani.

Jioni, mjadala wa wizara ulipofikia tamati, Bunge lilikaa kama Kamati ya Matumizi. Wageni wengi walikwisha kuondoka, na walikosea sana. Hapo makadirio hupitiwa kifungu kwa kifungu, na kinapofikiwa kifungu cha mshahara wa Waziri, mbunge asiyeridhika hutangaza kuwa anashika shilingi, yaani anataka mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Shilingi moja haimfilisi waziri, lakini kuishika humlazimu asimame na kueleza, wabunge wengine huchangia, na mwenye shilingi huamua ama kuirudisha au kuacha ipigiwe kura. Niliyemshuhudia alirudisha yake baada ya kupewa ahadi ambayo, kwa masikio yangu, ilikuwa ileile ya asubuhi. Halafu muda uliisha, utaratibu uitwao gilotini ukaanza, na vifungu vilivyosalia vikapitishwa mfululizo bila hoja, kwa "Ndiyo" zilizofuatana upesi kiasi kwamba mwanafunzi mmoja mbele yangu aliacha kuandika. Utaratibu huu unakubalika kikanuni, lakini fedha za wizara nzima kupita kwa kasi hiyo ni jambo ambalo kila mlipa kodi angepaswa kulisikia mwenyewe walau mara moja.

Usichague siku ya hotuba ya bajeti kuu mwezi Juni, kwa kuwa jukwaa siku hiyo huwa la mabalozi na waalikwa, na utakachosikia zaidi ni hotuba ndefu. Chagua Alhamisi ya Aprili au Mei, kwa wizara inayokugusa. Kula chakula kizito wakati wa mapumziko ya mchana, na usikate tiketi ya kurudi jioni hiyo.