Tiba ya mawazo na tabia kwa wasiwasi usiokwisha: uzoefu wangu Nakuru

Anayetafuta mahali pa kulia tu akasikilizwa, hii tiba itamshangaza. Kaunsela husikiliza, ndiyo, lakini kila kikao kinaisha kwa kazi ya kwenda kufanya nyumbani, na kazi hiyo ndiyo iliyonisaidia.

Mume wangu ni dereva wa trela, Nakuru hadi Malaba. Anayeijua Salgaa na Sachangwan, sehemu za barabara hiyo zinazosifika kwa ajali, hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini hofu yangu haikuwa ya barabara peke yake. Karo, presha ya mama kule Kakamega, kichwa kikiuma kidogo naona ni uvimbe. Usingizi uliruka, shingo ikakaza, tumbo likavurugika. Vipimo vyote vilitoka safi. Kanisani waliniombea, nami nawashukuru kwa moyo wote, ila usiku ulipoingia mawazo yalirudi.

Kaunsela alinipa dodoso fupi la maswali 7, alama kuanzia 0 hadi 21. Zangu zilipita 15, yaani kiwango kikali. Akanieleza kwamba wasiwasi wa aina hii hushika mtu siku nyingi kuliko zisizo nao, kwa miezi 6 au zaidi, ukirukia jambo hili na lile, na mwenyewe akishindwa kuuzuia. Nilifarijika mno kusikia kuwa unajulikana na una tiba.

Sasa niseme kuhusu simu. Mume akiwa safarini nilikuwa nampigia kila mara. Akishika, natulia kidogo, kisha naanza upya. Kaunsela alinionyesha kwamba kila simu ilikuwa inaufundisha moyo wangu kuwa mume yuko salama kwa sababu nimepiga. Basi tukapatana na mume saa za kuongea. Katikati ya hapo, hofu ikija, naandika kwenye daftari: ninatarajia nini, na ninaamini kwa asilimia ngapi. Baadaye naandika kilichotokea. Ukurasa wa kwanza uliandikwa "ajali, asilimia 80". Kumbe alikuwa kwenye foleni ya mzani wa malori, Webuye.

Zile saa za kutopiga zilikuwa ngumu kuliko kitu chochote katika tiba hii. Mikono ilitetemeka. Lakini kurasa zilivyoongezeka, nikawa na ushahidi niliouandika mwenyewe, na huo nauamini kuliko mtu kuniambia "usijali". Nampenda kaunsela huyu kwa sababu hakuwahi kuniambia kwamba barabara ile ni salama. Alinifundisha kukaa na jambo nisilolijua mpaka wakati wake wa kujulikana ufike.

Kuna pia muda wa wasiwasi: nusu saa jioni, kwenye kiti, kamwe si kitandani. Jambo likija mchana naliandika na kulisogeza hadi jioni. Mengi yakifika saa hiyo hayana tena nguvu.

Mazoezi ya kukaza na kulegeza misuli hayakunifaa sana, wengine huyasifu. Fomu zilikuwa za Kiingereza, nami hofu zangu huja kwa Kiswahili, kwa hiyo niliomba kutumia daftari langu na nikakubaliwa. Ada inauma. Kwa kawaida tiba hii huchukua vikao 12 hadi 20, na mimi nilishindwa kulipa kila wiki, tukapanga kukutana kila baada ya wiki mbili. Ombeni hilo bila aibu.

Kabla hujalipa, uliza kama kaunsela amesajiliwa, maana Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na uliza kama amesomea tiba hii yenyewe. Uliza pia atakupa kazi gani ya nyumbani. Asipokuwa na jibu la swali hilo, mimi ningetafuta mwingine. Na aliyefika hatua ya kuwaza kujiua asingoje miadi: aende hospitali leo.