Televisheni ya redio ya ridhaa Mombasa: ununue kipi kwanza

Kama unataka kurusha picha yako mwenyewe hewani kama mwanaredio wa ridhaa (asiye wa biashara) bila kumaliza mfuko, nunua vifaa vya video vya droni vya 5.8 GHz. Hilo ni chaguo langu la kwanza, tena kwa mbali. Transmita ya TS832 na risiva ya RC832 huagizwa mtandaoni kwa bei isiyofika ya simu janja ya kawaida. Ongeza kamera ndogo ya analogi, betri ya volti 12 na TV yoyote yenye matundu ya AV, umeshaanza.

Transmita hiyo hutoa miliwati 600. Wauzaji watakushawishi uchukue ya wati mbili. Achana nayo, pesa hizo zitie kwenye antena. Masafa haya hayataki kizuizi, na mnazi mmoja uliojaa makuti unatosha kuiua picha. Kwenye njia ya kilomita 5, pale katikati panatakiwa pawe wazi takriban mita 8 kila upande wa mstari wa macho. Ndiyo maana napenda watu waanzie Mama Ngina kuelekea Likoni: mkondo wote ni maji matupu.

Kabla ya kuwasha, chungulia ndani ya soketi za antena. SMA na RP-SMA, aina mbili za soketi zinazofanana, hufungana vizuri kabisa kwa nje, kumbe ndani tundu limetazamana na tundu, hakuna pini inayogusa. Transmita inayofanya kazi bila antena inaweza kuungua. Pia usiifungie kwenye boksi la plastiki kwa joto letu hili, ipate upepo.

Halafu suala la chaneli. Zipo 48, lakini bendi ya ridhaa huku kwetu ni 5650 hadi 5850 MHz, kwa hivyo 5645 na zozote zilizo chini yake, pamoja na zote zinazozidi 5850, ziko nje. Tafuta 5665 kwenye jedwali linalokuja na kifaa: iko ndani, na iko mbali na Wi-Fi zinazojazana karibu na 5800. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano uwe nayo kabla ya kurusha chochote.

La pili ni kwa anayetaka kutazama tu kwanza: setilaiti ya QO-100, inayobeba mawasiliano ya ridhaa na iliyorushwa 2018, ipo nyuzi 25.9 mashariki. Kutoka Mombasa iko juu sana, kama nyuzi 73 kutoka upeo wa macho, upande wa magharibi. Dishi ya zamani ya DStv inafaa, ila huwa imetazama nyuzi 36 mashariki, basi fundi wa dishi aizungushe. Picha za ridhaa hushuka karibu na 10491 MHz, na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi) ya kawaida huzigeuza kuwa 741 MHz. Ving'amuzi vingi huanzia 950, kwa hivyo utahitaji MiniTiouner, risiva ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, na kompyuta yenyewe. Viungo vya nje vifunge kwa tepu ya mpira, chumvi ya bahari haina huruma.

La tatu, vijisensa vya mwendo vya HB100 vya 10 GHz, vinavyoweza kugeuzwa transmita. Ni rahisi mno, lakini huja vikiwa 10.525 GHz, juu ya mwisho wa bendi ya ridhaa, na kuvishusha kunataka kifaa cha kupimia masafa ambacho anayeanza hana.

Pluto, redio ndogo inayoendeshwa na programu ya kompyuta, naiweka mwisho. Ni kifaa kizuri cha dijitali, ila hutoa miliwati chache tu, na amplifaya ya kufikia QO-100 ni gharama nyingine.