Padi ya ngoma ya GameCube, bunduki ya bata na padi nyingine za ajabu nilizojaribu

Jamani mimi padi za ajabu, yaani vidude vya kushika mkononi kuchezea gemu, ndio ugonjwa wangu, ile ya kawaida yenye vijiti viwili na vitufe vinne nimeishika tangu utoto, sasa juzi juzi nikapita Kariakoo kwa jamaa anauza elektroniki za mtumba nikakuta vipipa viwili vimeunganishwa vina waya, namuuliza hii nini, ananiambia ngoma ya watoto hiyo, chukua kwa 50,000. Sikubishana hata kidogo, maana hizo ni DK Bongos, padi ya Nintendo GameCube, mashine ya gemu ya zamani, padi yenyewe ilitoka 2003, na mimi nilikuwa naiona kwenye video tu.

Ilivyo ni hivi, kila ngoma imegawanyika juu na chini, kwa hiyo una sehemu nne za kupiga, katikati kuna kitufe cha kuanzia na maiki ya kusikia makofi, basi. Kijiti hakuna. Nyumbani nina Wii, mashine ya Nintendo iliyofuata baada ya GameCube, na hapa sikiliza vizuri kama unataka kununua: Wii za mwanzo, zile za 2006, zina kifuniko, ukikifungua unakuta matundu manne ya padi za GameCube na zinasoma CD zake ndogo pia, ila zile za baadaye walitoa hayo matundu. Na ku-save utahitaji memori kadi ya GameCube, ya Wii yenyewe haikubali. Afu angalia rijini, yaani eneo la dunia ilikouzwa, Wii ya Uingereza inataka CD ya Ulaya, ya Marekani haisomi.

Gemu niliyoanza nayo ni Donkey Kong Jungle Beat. Unamuongoza sokwe, unapiga ngoma ya kulia anakimbia kulia, ya kushoto anakwenda kushoto, zote kwa pamoja anaruka, ukipiga kofi anatoa wimbi linalovuta ndizi zilizo karibu na kuwazubaisha maadui. Mwanzoni nilihisi haiwezekani gemu ya kukimbia na kuruka ichezwe hivyo, lakini baada ya kama robo saa mikono ikaelewa yenyewe, unaacha kuwaza kitufe gani unawaza mdundo tu, na ukifika kwa masokwe wakubwa mnapigana ngumi, yaani kila pigo la ngoma ni ngumi moja, unapiga mpaka mabega yanawaka moto. Sijawahi kucheza gemu nikatoka jasho vile nikiwa nimekaa. Tahadhari moja, hii gemu ilitolewa tena kwenye Wii 2009 lakini toleo hilo haliungi ngoma kabisa, kwa hiyo tafuta CD ya GameCube yenyewe.

Maiki nayo ina sikio kali, haichagui kofi la nani, mtu akigonga meza au akipiga kelele karibu, sokwe naye anapiga kofi. Punguza sauti ya TV, na kama unaishi nyumba ya kupanga usicheze usiku.

Bunduki ile ya bata tuliyocheza utotoni na gemu za kaseti nimeijaribu tena, na haifanyi kazi kwenye TV bapa, wengi wanadhani imekufa kumbe nzima. Ukivuta kifyatuo kioo kinakuwa cheusi mara moja, halafu pale alipo bata panatokea mraba mweupe, jicho la bunduki linaangalia kama limeona huo mwanga, na lilitengenezwa kwa mwanga wa TV za chogo, hizi za kisasa zinachelewesha picha na mwanga wake haufanani. Nenda kwa fundi ukatafute chogo, ndio dawa. Niliipata moja, na bata bado wanaanguka vile vile!

Vile vifyatuo vya kubana kwenye simu kwa ajili ya gemu za kurushiana risasi, sawa, vinasaidia, vidole viwili vya shahada vinapata kazi na dole gumba linabaki kutembeza tu. Ila vinaziba kona za kioo na kava nene ya simu lazima uitoe. Kwa bei yake sio mbaya, lakini havinipi raha yoyote mpya, gemu inabaki ile ile.

Ngoma ndio imenishika. Mama mdogo alikuja kutoka Tanga, miaka yote nikimpa padi ananirudishia, "hivyo vidude vingi mwanangu siviwezi." Safari hii nikamuwekea Donkey Konga, ile ya kufuata muziki, kwenye kioo likija pipa la njano unapiga kushoto, jekundu kulia, la pinki zote mbili, na alama ya buluu ni kofi. Nilimuelekeza mara moja tu. Kwenye wimbo wa pili akawa haangalii hata kioo muda wote, anaitikia kwa kichwa, makofi yake yanaingia pale pale, na mimi mwenye gemu zangu zote alinipita alama kwa mbali. Kumbe utotoni kwao alikuwa anapiga ngoma, mimi sikujua.

Ameondoka jana. Amepiga simu leo asubuhi kuniuliza kama zinapatikana za watu wawili. Zinapatikana, gemu inakubali mpaka wanne, kila mtu na ngoma zake, kwa hiyo kesho narudi Kariakoo.