Boksi la kadi za maswali ya Middle-earth: uzoefu wangu wa miezi miwili

Boksi hili niliagiziwa na mtu anayeleta mizigo kutoka Uingereza. Lina kadi 200, kila kadi maswali matatu mbele na majibu nyuma, yote kwa Kiingereza, yote kuhusu ulimwengu alioubuni mwandishi J.R.R. Tolkien katika vitabu vyake vya The Hobbit na The Lord of the Rings. Pamoja na usafiri lilinigharimu shilingi 92,000. Tunacheza watatu: mimi niliyesoma vitabu tangu nikiwa chuo, mpwa wangu wa miaka 17 anayezijua filamu mpaka maneno ya wahusika, na jirani yetu mmoja, mwalimu, ambaye amesoma na kutazama.

Kanuni zilizomo kwenye boksi tuliziweka kando siku ya pili. Tulijikuta tunategana kama vitendawili. Mwenye kadi anasema "Kitendawili!", wengine "Tega!", na ukishindwa unaambiwa "Nipe mji." Sharti mji uwe wa Middle-earth. Mpwa wangu akimpa jirani Gondolin, anakataa: "Gondolin uliteketea zamani, magofuni nikafanye nini?" Basi atampa Edoras au Bree, naye aeleze alivyofika huko, alivyokaribishwa na alichokula, ndipo ataje jibu. Uchezaji huo unaifaa dunia hii kabisa. Katika The Hobbit, kitabu cha 1937, Bilbo, mtu mdogo wa jamii ya hobbit, na Gollum, kiumbe wa mapangoni, wanategana vitendawili gizani, chini ya milima, na Bilbo akishindwa ataliwa.

Kadi ninayoipenda kuliko zote inauliza neno la kufungulia mlango wa Moria, mji wa kale uliochimbwa chini ya milima. Nyuma kuna jibu la neno moja: mellon. Mpwa wangu alilijua papo hapo, akanyoosha mkono achukue kadi tuendelee. Nikamwambia asubiri. Nikaandika kwenye daftari maneno yaliyochorwa mlangoni, kwa Kiswahili: "Sema, rafiki, uingie." Halafu nikafuta zile alama mbili za mkato: "Sema rafiki uingie." Alikodoa macho. "Mjomba! Kumbe jibu liliandikwa mlangoni?" Ndicho kilichompata Gandalf, yule mchawi mzee, alipofika mlangoni. Alidhani mlango unamwita msomaji rafiki na kumtaka aseme neno la siri, akajaribu maneno chungu nzima, kumbe alitakiwa atamke "rafiki" tu, na kwa lugha ya Elf, watu wasiokufa kwa uzee, rafiki ni mellon. Kiingereza kinalazimika kubadilisha kitenzi, "speak" kiwe "say", ndipo maana ya pili itoke. Kiswahili hakihitaji, "sema" inabeba zote mbili. Tulikaa kwenye kadi hiyo nusu saa nzima, na ile nusu saa peke yake naihesabu kuwa imenilipa sehemu ya pesa yangu.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Kadi zinachanganya vitabu na filamu bila kusema. Moja inauliza ni nani aliyempeleka Frodo, hobbit aliyebeba Pete, kwenye kivuko cha mto Bruinen huku wanafukuzwa na wale Tisa, wapanda farasi weusi wanaoitafuta Pete hiyo. Nilijibu Glorfindel, bwana mmoja wa Elf. Mpwa wangu akageuza kadi: "Umekosa, mjomba. Arwen." Kwa filamu ya 2001 ni Arwen, binti wa Elf, sawa. Lakini kwenye The Fellowship of the Ring, kitabu cha 1954, ni Glorfindel anayewakuta njiani na kumpandisha Frodo juu ya farasi wake mweupe, Asfaloth. Frodo anavuka mto peke yake, akiwa na jeraha la kisu begani, kisha anawageukia wale Tisa na kuchomoa upanga, hali hata nguvu za kuuinua vizuri hana. Nililifuata kabati, nikaleta kitabu, nikawasomea ukurasa wenyewe kwa sauti. Pointi nilirudishiwa, ila kilichoniuma si pointi. Kijana anayejifunza dunia hii kwa kadi asingejua kwamba Frodo aliwahi kusimama vile.

Nyingine inauliza kama Balrog, jitu la moto na kivuli, ana mabawa, na nyuma wameandika "Ndiyo." Hapana, hilo halikubaliki. Tolkien anasema kwanza kwamba kivuli chake kilitanda kama mabawa mawili, na baada ya kitambo kidogo anayataja mabawa bila "kama" yoyote. Wapenzi wa vitabu hivi wamelibishania hilo miaka na miaka. Swali zuri sana la kuwasha mjadala, wao wamelizima kwa neno moja.

Maswali ya namba (Bilbo alitimiza miaka mingapi siku ya sherehe, wanadamu walipewa pete ngapi) yanafaa kuanzia tu, 111 na tisa, mnasonga mbele. Karatasi ya kadi ni nzito na haijakunjika. Mfuniko wa boksi ulichanika pembeni wiki ya kwanza.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kama mezani kwenu yupo hata mmoja aliyesoma vitabu, nunueni. Kama wote ni watu wa filamu, mtashinda na kushindwa kwa majibu yenye makosa bila kujua.

Sisi tulizitenga kadi 31 za filamu, tukazifunga kwa mpira, tukaanza kuandika zetu kwenye karatasi ya manila. Mpwa wangu naye ameanza kusoma, sasa ameshapita Moria. Jumapili iliyopita alileta kadi aliyoiandika mwenyewe: nani alitengeneza ile milango? Nikajibu bila kufikiri, Celebrimbor.

"Nipe mji, mjomba."

Celebrimbor alichora zile herufi. Milango ni kazi ya fundi Narvi, na imeandikwa palepale, baada tu ya maneno ya rafiki, mahali nilipopasoma sijui mara ngapi. Nikampa Bree, akaukataa. Nikampa Minas Tirith.